Chini ya Fito

Mwezi uliopita mwenzangu wa ofisini alirudi kutoka mapumziko Kericho akanisogezea simu nione picha. Ua dogo jeupe lenye unga wa manjano katikati, limejificha chini ya majani mabichi. "Ulijua chai hutoa maua?" aliniuliza, kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua. Nikamwambia najua, nimezaliwa pande hizo. Akasema ni zuri mno, ataliweka kwenye uso wa simu yake. Nikatabasamu, nikainuka polepole, nikaenda chooni, nikafungulia mfereji na kuacha maji yaniteremkie mikononi. Mtu mzima mwenye kazi na funguo za nyumba yake, anakimbizwa na ua. Lakini siku hiyo nilikuwa nangoja simu ya Mama kutoka hospitalini, na ua la chai ndilo jambo la mwisho nililotaka kuliona.

Nisijifiche. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Simu ikilia asubuhi mapema, moyo hunidunda kabla sijaona jina la anayepiga. Mume wangu husema nikikosa la kuniogopesha nitaondoka nyumbani kwenda kulitafuta. Ananitania, lakini hajakosea. Wasiwasi wangu una mahali ulipozaliwa, nami ninaweza kupaonyesha kwa kidole: ni kwenye mteremko mmoja wa chai juu ya Silibwet, wakati nilipokuwa mtoto wa kimo cha kichaka cha chai, si zaidi.

Wengi wetu wa rika hili tumehamia mijini, na watoto wetu wanadhani majani ya chai hutoka kwenye pakiti, kwa hiyo hebu nieleze. Chai ni mti. Ukiuacha, utakua kama miti mingine, utampita mtu, utatia kivuli. Kinachoufanya ulale kama kitanda cha kijani ni mikono ya watu. Mchumaji hulaza fito juu ya kichaka, na kila chipukizi linalochungulia juu ya fito, yale majani mawili na kichwa cha jani lisilofunguka, huchumwa na kutupwa kikapuni. Lililo chini ya fito huachwa. Akirudi tena hulaza fito palepale. Akikaa muda mrefu bila kurudi, hakuna tena mahali pa kulaza fito.

Fito ya Mama ilikuwa nyembamba, nyeusi kwa utomvu na laini kwa kushikwa, na makao yake yalikuwa juu ya mlango wa jikoni. Hatukuruhusiwa kuichezea. Mama alichuma haraka kuliko wanawake wote wa upande wetu, mikono miwili ikienda bila yeye kuitazama, huku anazungumza na jirani wa mstari wa pili. Ndiyo maana alipoanza kuchelewa kila mtu aliona. Alikuwa akisimama katikati ya mstari, mkono kiunoni, kikapu hakijafika nusu. Asubuhi shuka lake lilikuwa limelowa jasho, na Bomet yetu ni baridi, hakuna mtu wa kutoka jasho usingizini. Kisha tumbo lake likaanza kujitokeza upande wa kushoto.

Kogo, mama yake Baba, alifurahi sana. Alikuwa amengojea mjukuu mwingine tangu nilipozaliwa mimi. Alileta mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kibuyu chake kizuri kuliko vyote, kile chenye shanga, akamwambia Mama anywe akimtazama. "Huyu ni kijana," alisema, akicheka na kupapasa tumbo la Mama. "Ona vile amekaa upande moja, anataka nafasi." Mama alikunywa kidogo akakirudisha. Nami nilifurahi, kwa sababu nilitaka mtu wa kumtuma. Siku moja Mama alinishika mkono akauweka chini ya mbavu zake, nikasikia kitu kigumu kama jiwe. Nilimwambia mtoto wetu ana kichwa kikubwa. Hakucheka.

Halikuwa tumbo la mtoto. Ilikuwa bandama, imevimba kwa sababu ya damu. Baba alimpeleka Mama Eldoret, kwenye hospitali kubwa, wakakaa huko, wakarudi wamenyamaza. Mimi niliambiwa tu kwamba Mama ana ugonjwa wa damu. Neno kansa nililisikia kanisani, mzee wa kanisa alipoomba, na alilitamka haraka haraka kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Halikunitisha. Kwa hesabu yangu kansa ilikuwa ugonjwa wa watu waliolala kitandani wakingoja kufa, na Mama alikuwa amesimama jikoni anasonga ugali.

Alikuja na vidonge. Alivimeza kila jioni akiwa amekula, na maji mengi, na kazi ya kuleta maji ilikuwa yangu. Nilitumia kikombe kikubwa cha bati, nikakijaza mpaka mdomoni, nikatembea nacho kutoka jikoni kwa kunyata ili tone lisimwagike. Niliamini kwamba tone likimwagika kidonge hakitashuka. Hakuna aliyeniambia hivyo, wasiwasi wangu ulijitungia wenyewe.

Ni kwenye chai alikonieleza. Alikuwa upande mmoja wa kichaka, mimi upande wa pili, kichwa changu kimelingana na majani. Nilimuuliza atameza dawa mpaka lini.

"Kila siku," alisema.

"Mpaka upone?"

Alilaza fito mbele yetu. "Unaona hii chai? Ugonjwa yangu iko hivi. Daktari hawezi kung'oa, mizizi iko ndani sana. Lakini ile dawa inachuna. Inachuna kila siku, inakaa chini ya fito. Ikikaa chini, mimi niko sawa, naweza kuishi na wewe mpaka uzeeke."

"Na ikiachwa?"

Mama alinyoosha mdomo kuelekea ng'ambo ya njia. "Ikiachwa inakuwa kama ya Mama Njoroge."

Sasa hapo alinimaliza, masikini, bila kujua.

Shamba la Mama Njoroge lilikuwa limepakana na letu, njia ya miguu tu katikati. Marehemu mumewe alikuwa amelinunua zamani, walipohamia kutoka Kiambu, na wakati wa uhai wake lilikuwa la kupigiwa mfano. Alipofariki, vijana wake wakakosa kuelewana ni la nani, na mama yao, aliyekuwa na duka la vitambaa Silibwet, akaapa kwamba hakuna atakayeligusa mpaka wapatane. Hawakupatana. Chai ikasimama. Ilipita kiuno cha mtu, ikapita kichwa, matawi yakashikana juu, na chini yake kukawa giza lenye harufu ya majani yaliyooza. Humo hamkuingia mtu. Pembeni, palipofikiwa na jua, kulikuwa na maua.

Niliwahi kuchuma hayo maua nikamwekea Mama mezani kwenye kikombe. Yalinukia vizuri, utamu mdogo wa asali. Mama aliingia kutoka kukamua, akayaona, akachukua kikombe na kuyamwaga nje kwa kuku. "Chai ikitoa maua, ujue watu wameisahau," alisema. Tangu siku hiyo nilipopita njiani niliyaangalia maua kwa jicho la pembeni.

Kwa muda mrefu mambo yalikuwa mazuri. Jiwe chini ya mbavu za Mama liliyeyuka. Alirudi kwenye mistari, akaanza tena kuwacheka wanawake wazembe. Asubuhi macho yake yalivimba, nami nikadhani analia usiku, kumbe ni dawa tu, na miguu ilimkaza mpaka Baba akawa anamkanda. Lakini alikuwepo, ananuka utomvu wa chai na moshi wa kuni, na alipotoka kupimwa alirudi na mkate. Nilianza kusahau kuogopa, na kama ningeachwa nisahau kabisa huenda leo ningekuwa mtu mwingine.

Siku moja alirudi bila mkate. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni nikipukuchua mahindi, ukuta ni wa mbao, kila neno lilinifikia.

"Wamesema nini?" Baba aliuliza.

"Imepanda."

"Imepanda aje, na unameza?"

"Hiyo ndiyo daktari ameniuliza. Kama huwa naruka siku."

Baba akauliza, na hata mimi mtoto nilijua hakupaswa kuuliza: "Na unaruka?"

"Baba Chela, si unaniona nikimeza? Si mtoto analeta maji, wewe umekaa hapo?"

"Nauliza tu."

"Unaniuliza kama polisi."

Ndipo sauti ya Kogo ikaingia. Kiswahili cha Kogo kilibeba Kikipsigis ndani yake, dawa kwake ilikuwa tawa. "Muache mtoto ya watu," alisema. "Hajaruka kitu. Hiyo tawa imezoewa. Si hata kupe walizoea ile tawa tulikuwa tunapulizia ng'ombe? Mwaka ya kwanza walianguka wote. Sasa wanaoga nayo."

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, na jambo hilo lilimwingia kuliko yote aliyoambiwa hospitalini. Nilimsikia akivuta kiti karibu na Mama. "Basi kama ni hivyo, ni kubadilisha," alisema kwa sauti ndogo. "Kupe tulibadilishia dawa."

"Wamesema iko ingine," Mama alisema. "Lakini wapime kwanza waone kama itakubali."

Wakubwa wakapata maelezo yao. Mimi nilibaki na neno moja, imepanda. Niliacha mahindi nikaenda njiani nikasimama mbele ya shamba la Mama Njoroge. Chai ilikuwa imepanda kweli. Ilikuwa imejaa maua kuliko nilivyowahi kuyaona, meupe mpaka ndani gizani, na nyuki wanavuma humo kama watu wanaonong'onezana. Mama alikuwa ameniambia kwa kinywa chake, na mimi nilimwelewa hivi: hii hapa ndiyo damu yake, imeachwa bila mtu, na watu wazima wamekaa nyumbani wanazungumza habari za kupe.

Kuanzia hapo, nikitoka shule, nilichukua fito juu ya mlango kwa kupanda ndoo, nikaingia humo. Sikumwambia mtu. Niliogopa giza lile na niliogopa nyoka, na hofu hizo zote mbili zilikuwa ndogo kuliko ile ya tatu. Nilivuta matawi yakainama, nikanyofoa majani, machanga kwa magumu, nikanyofoa maua, nikajaza gunia nililoliokota zizini. Nililaza fito mahali nilipofika, nikapima, nikaona bado. Kesho yake yale matawi yalikuwa yamejiinua palepale. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Mwalimu aliniuliza kama kwetu nimeanza kufanyishwa kazi, na nikasema ndiyo, kwa kuwa ilikuwa kazi.

Mama Njoroge alinikuta Jumamosi, nimepanda juu ya tawi, gunia limesimama chini.

"Haiya! Kumbe ni wewe!"

Wakati huo wizi wa majani ulikuwa umeenea, kulikuwa na watu waliopita na magari kununua majani vichochoroni, na kwetu mwizi wa majani chai alionekana mbaya kuliko mwizi wa kuku. Mama Njoroge alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani na mkono wenye nguvu ya kukata vitambaa. Alinishusha kwa sikio, akabeba gunia kwa mkono wa pili, nami nikakumbatia fito, na hivyo ndivyo tulivyoingia nyumbani kwetu, Mama akiwa ameketi uani juani amejifunika shuka.

"Mama Chela, mimi na wewe tumekaa miaka na amani," alisema akihema. "Mimi siwezi kuamini. Unatuma katoto kaniibie majani?"

Mama alinitazama, akatazama gunia. Aliinuka kwa shida, akalifungua, akatia mkono ndani. Akatoa majani magumu kama ngozi, na maua yaliyonyauka yamekuwa kahawia. Yalikuwa yamechacha, yananuka uvundo.

"Hii hakuna karani wa kununua chai anaweza kupima," alisema. "Hata kwa gari ya wezi haiwezi kuingia. Chela, ni ya nini?"

Sikio liliniuma sana. Nikasema, "Nilikuwa naishusha."

"Unashusha nini?"

"Damu yako."

Mama Njoroge aliniachilia sikio. Mama alikaa chini, si kwenye kiti, chini kwenye vumbi, gunia mapajani. Nilidhani nimemuua. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka au akilia, nafikiri hata yeye hakujua.

"Ni mimi nilimwambia," alimwambia Mama Njoroge alipopata sauti. "Niko na kansa ya damu. Nilimwambia ikiachwa inakuwa kama shamba yako." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja kwa jina, na alilitaja polepole, bila kuruka.

"Ngai," Mama Njoroge alisema. Alivuta kiti cha Mama akakikalia yeye, bila kukaribishwa. "Kansa ya damu inashika wapi?"

Mama alimwonyesha upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mama Njoroge aliuangalia mkono wa Mama ulipokaa, akauangalia sana. "Mzee wangu alikuwa na jiwe hapo," alisema mwishowe. "Hapo hapo. Sisi tulisema ni malaria ya zamani. Alienda bila jina ya ugonjwa." Akajifuta uso kwa kitambaa chake.

Mama akaniita, akanikalisha kwenye vumbi pamoja naye. Alinieleza upya, na safari hii alichagua maneno kama mtu anayechagua mawe ndani ya maharagwe. Alisema ile chai ya ng'ambo haina habari naye, ikatwe isikatwe. Alisema dawa ya kwanza ilikuwa mchumaji anayejua majani mawili na kichwa, na ugonjwa, kwa ujanja wake, umeanza kuchipuka kwa sura nyingine, kwa hiyo mchumaji anapita bila kuuona. Si kosa la mtu. Si kuruka siku, si maji kumwagika. Sijui alijuaje habari ya maji.

"Sasa watanipea dawa ingine, inajua hiyo sura mpya."

"Itakubali?"

"Inaweza kukubali, inaweza kukataa."

"Ikikataa?"

"Tutauliza kama iko ingine."

"Na ikikosekana?"

"Sijui, Chela," alisema.

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hajui. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, lakini hofu hii niliiogopa nikiwa na mtu, na hiyo ni tofauti kubwa, asikudanganye mtu.

Vidonge vipya vilikuwa na sheria zao. Vilitaka tumbo tupu, asubuhi na jioni. Fikiria adhabu hiyo katika nyumba ya chai. Alfajiri sufuria ilichemka, maziwa yakapanda, nyumba nzima ikanukia, na Mama ametoka nje ameketi kwenye kisiki na shuka lake, akingoja wakati wake upite, pua ameielekeza upande wa ng'ombe. Baba, aliyeapa hawezi kuamka bila chai, akaanza kutoka na kikombe chake kitupu akaketi naye. Nami niliendelea kuleta maji. Kila niliposalimiana na Mama nilipitisha mkono kiunoni mwake, kumbe napapasa upande wa kushoto. Alijua, akaniachia.

Siku ya kwenda kuchukua majibu ilipokaribia, alinivuta kando. Kwetu mgonjwa akitoka hospitali kubwa hapokewi na watu wake peke yao. Akina mama wa kanisa hufika kabla yake, huimba, huomba, hunywesha watu chai, na habari yenyewe hutolewa mwisho kabisa, kwa heshima, wakati watoto wameshafukuzwa nje. Mama alijua sitaweza kungoja mpaka mwisho. "Wewe usiulize mbele ya watu," aliniambia. "Tazama fito. Nikifika, nikiilaza juu ya kile kichaka cha kwanza hapo kando ya nyumba, ujue iko chini. Nikiisimamisha kwa ukuta, basi ujue imepanda, na utangoja nikuite."

Walifika wengi. Mama Njoroge naye alikuja, mara yake ya kwanza kuingia kwetu kwa hiari, na mikate ya kutosha harusi. Mama alipotokea njiani na Baba, uso wake ulikuwa umechoka tu, haukusema lolote. Alisalimia mkono kwa mkono, kila mtu. "Chamge." "Chamge mising." Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni, naitazama fito mahali pake. Alipita karibu nami, akanyoosha mkono akaishusha, akatoka nayo. Nilitaka kumfuata, lakini shangazi mmoja akanitia vikombe mikononi nigawe. Nilimwagia mzee wa kanisa chai kwenye suruali, akasema Bwana asifiwe kwa kukosa la kusema.

Nilipoponyoka hatimaye, wimbo wa pili ulikuwa umeanza. Nikazunguka nyumba. Juu ya kichaka cha kwanza hapakuwa na kitu. Fito ilikuwa imesimama ukutani.

Sikulia. Nilikimbia. Nilivuka njia nikaingia shambani kwa Mama Njoroge, na humo hamkuwa tena na giza la kujifichia. Baada ya ile Jumamosi alikuwa amewaita vijana wake, akawaambia maneno ambayo hatukuyajua, na siku hizo wakataji walikuwa wakishusha chai yote mpaka magotini. Vimebaki visiki vyeupe, vimekatwa kwa mshazari, na hewani harufu ya mti mbichi, chungu, ya kuingia mpaka kooni. Nilikaa kati ya visiki nikaishika midomo yangu. Nilikuwa namfikiria Mama akiwa na jiwe lake, na lile neno lake, sijui, Chela.

Alikuja mwenyewe. Nilimsikia kabla sijamwona, pumzi yake ilikuwa nzito kwa mteremko. Mkononi alikuwa na fito.

"Mbona umekimbia wageni?"

"Nimeiona kwa ukuta."

Alisimama akifikiri. Kisha akafunga macho. "Kogo," alisema. "Kogo amefukuza kuku kwa unga na hii fito, akaiacha kwa ukuta. Nilikuwa nimeilaza, Chela. Nimeilaza vizuri kabisa. Huyo mama ataniulia mtoto."

Sikumwamini. Mtu akishaogopa kiasi kile haaminiki kwa neno. Nadhani aliliona hilo, kwa kuwa hakubishana nami. Alinishika mkono tukarudi mpaka mpakani, kwenye mstari wa kwanza wa chai yetu, akaniambia nisimame wima upande wa pili wa kichaka. Akailaza fito juu ya majani, akaisukuma mpaka ikanigusa. Ilinigusa kidevuni. Mara ya mwisho tuliposimama hivyo ilikuwa imelingana na utosi wangu, na wakati wote ule wa kuogopa sikuwa nimejua kwamba naendelea kukua.

"Yangu iko chini," Mama alisema. "Dawa imekubali. Ni wewe umepita fito."

Hapo ndipo nililia, kwa sauti, mpaka akina mama wakatoka nje wakidhani kuna msiba.

Tangu hapo dawa ile imemshika miaka mingi. Nimesoma, nimeolewa, nimepata wasichana wawili, na kila Mama anapotoka kupimwa hunipigia simu akiwa bado kwenye lango la hospitali. Hasalimii. Anajua nilivyo. Neno lake la kwanza huwa "Chini," kisha ndipo tunasalimiana, tunauliza habari za ng'ombe na watoto, na mimi ndipo ninapokaa.

Siku ile ya picha ya ua, simu ililia nikiwa chooni bado, maji yanatiririka. Nikaipokea kwa mkono uliolowa.

"Chamge, Chela," Mama alisema. "Umeshinda aje?"

Nilifunga mfereji. Nje mtu alikuwa akicheka na mwenzake ukumbini, na nilimsikia Mama akipumua, Eldoret kule, akiningoja.

"Iko ingine?" nikamuuliza.

"Iko. Wanasema hii naweza kumeza hata kama nimekula." Nikasikia kicheko chake kidogo, kile cha kwenye mistari. "Angalau nitakunywa chai yangu asubuhi na watu."

"Basi ningoje," nikamwambia. "Nakuja kuleta maji."